Gari la oto, mlima wa Marangu na filta ndogo inayogusa ada ya Januari

Katika familia nyingi za Moshi gari ni moja, na mara nyingi anayeliendesha siku za kazi ni mama. Asubuhi anapeleka watoto shule, anapita sokoni Kiboriloni, anawahi kazini. Jumamosi anapandisha kwa bibi, Kibosho au Marangu, na kushuka na ndizi nyuma ya kiti. Kwa hiyo giaboksi ikianza kuugua, yeye ndiye husikia kwanza. Ameweka D, gari linasita kama sekunde moja, kisha linaruka. Akilisema jioni anaambiwa labda alijaza mafuta machafu.

Kuna sababu ya kuisikiliza dalili hiyo mapema. Giaboksi ya oto ikifa, mafundi wengi hawaifungui kuitengeneza. Wanaishusha na kupandisha nyingine ya mtumba. Bei hutegemea gari, lakini huanzia laki kadhaa na kupita milioni, kabla ya oili na ufundi. Kwa nyumba yenye watoto wawili au watatu shuleni, hiyo ndiyo ada ya Januari. Ndiyo maana suala la kufunga filta ya nje kwenye giaboksi, ambalo kwa miaka mingi lilibaki mazungumzo ya gereji, linastahili kufika mezani nyumbani.

Gari la gia za mkono lina klachi moja na dereva ndiye anayeikanyaga. La oto lina klachi kadhaa ndogo ndani ya giaboksi, na kinachozikanyaga ni oili. Pampu inayozungushwa na injini huisukuma oili hiyo kwa presha kwenye njia nyembamba. Vali zinafunguka na kufunga, plati zinabanana, gia inaingia. Oili hiyo hiyo hulainisha vyuma. Hiyo hiyo hubeba nguvu ya injini ndani ya konveta, lile kopo kubwa la duara lililo kati ya injini na giaboksi. Na hiyo hiyo hubeba joto kwenda kupozwa kwenye rejeta, kisha hurudi. Madukani wengi huiita haidroliki, na kwa kweli ndiyo kazi yake.

Kila gia inapoingia, plati husuguana kidogo na kuacha unga mwembamba. Chuma nacho huacha chembe zake. Ndani ya sampo, lile sinia la chini ya giaboksi, kuna sumaku za kunasa chuma, na juu yake kuna chujio. Tatizo ni kwamba kwenye Toyota nyingi za zamani zinazotembea Moshi, chujio hilo ni wavu wa chuma tu. Linazuia kipande, haliuzuii unga. Na unga wa plati si chuma, kwa hiyo sumaku haina habari nao.

Unga huo ukizunguka miaka, hukwaruza vali na kuziba vitundu. Presha inapungua, plati zinabanana kwa ulegevu, zinateleza, zinaungua, na zikiungua zinatoa unga zaidi. Likianza kuteleza mfululizo, kilichobaki ni kusubiri tu.

Kwenye tambarare safari hiyo huchukua muda mrefu. Kilimanjaro huifupisha. Moshi mjini ipo karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, na geti la Marangu lipo zaidi ya mita 1,800. Ni kilomita 40 hivi, na sehemu kubwa ya mwinuko ipo baada ya kuiacha Himo. Gari la oto likipanda polepole likiwa limejaa, konveta huteleza: injini inazunguka kwa kasi kuliko upande wa pili unavyoweza kufuata, na tofauti hiyo yote hugeuka joto ndani ya oili. Kwa kawaida oili hufanya kazi kwenye nyuzijoto 80 hadi 95 hivi. Mafundi wana kanuni yao ya makadirio, kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya hapo hukata umri wa oili kwa nusu.

Mtihani mkubwa ni Disemba, familia za Wachaga zinaporudi nyumbani kwa Krismasi. Gari limetoka Dar es Salaam, kilomita 550 na ushee. Limepita joto la Mombo na Same likiwa na watu saba na mabegi juu, halafu saa ya mwisho ndipo linaanza kupanda Mwika, Machame au Rombo. Foleni ikisimama kwenye mwinuko, dereva analizuia gari lisirudi nyuma kwa kukanyaga mafuta kidogo, bila breki. Anaona ni ustadi. Ndani ya giaboksi oili inachemka, na hakuna taa kwenye dashibodi ya magari mengi ya namna hiyo itakayomwambia.

Kabla ya kuzungumzia filta, oili iliyopo ipimwe. Kwenye gari lenye stiki ya giaboksi, kazi hii mzazi yeyote anaiweza. Gari liwe limetembea dakika kumi na tano au ishirini, lisimame mahali pa sawa, handbreki juu, injini ikiwa inawaka. Mguu ukiwa kwenye breki, lever ipitishwe taratibu kwenye kila gia na kurudi P. Stiki ichomolewe, ifutwe, irudishwe, ichomolewe tena. Kwenye Toyota kuna alama za COOL na HOT. Gari likiwa la moto, oili iwe kwenye eneo la HOT. Kisha tone lidondoshwe kwenye tishu nyeupe.

Nyekundu angavu ni nzima. Ya kahawia bado inazungumzika. Nyeusi yenye harufu ya kitu kilichoungua, hapo plati zimeshaumia. Ikiwa ya pinki yenye ukungu kama maziwa, maana yake maji ya rejeta yameingia kwenye oili, na gari hilo lisiwashwe tena mpaka fundi alione.

Hili la maji linahitaji neno la ziada, kwa sababu filta haliwezi. Kwenye magari mengi mrija wa kupozea oili ya giaboksi umepita ndani ya rejeta yenyewe. Rejeta inayojazwa maji ya bomba mwaka mzima badala ya kulanti hupata kutu na kuoza kwa ndani, na ukuta unaotenganisha maji na oili ukitoboka, giaboksi hufa hata kama ina filta tatu. Lita chache za kulanti zinashinda kifaa chochote kinachouzwa kwa ajili ya giaboksi. Huo ndio ukweli wa kwanza wa bajeti.

Sasa filta yenyewe. Ni kopo dogo, mengine hayazidi kiganja cha mtu mzima, linalofungwa kwenye mpira unaorudisha oili kutoka rejeta kwenda kwenye giaboksi. Ndani kuna chujio laini kuliko wavu wa sampo, na yaliyo bora yana sumaku pia. Aina nyingine ni kitako cha chuma kinachofungwa pembeni ya injini, kisha filta ya kuzungusha kwa mkono, kama ya injini, inafungwa juu yake.

Si jambo la ajabu wala la kubahatisha. Wanaotembelea Subaru Forester au Legacy za mwishoni mwa miaka ya 1990 na miaka ya 2000 wengi wanayo tayari bila kujua, kwani baadhi ya magari hayo yalitoka kiwandani na filta ya giaboksi iliyo nje, inayofanana kabisa na ya injini. Wapo wenye magari hayo ambao hawajawahi kuibadilisha tangu gari lishuke bandarini, kwa sababu fundi hajawahi kuulizwa. Na Subaru hizo zina mtego mwingine: chini kuna vizibo vitatu vya kumwagia oili, cha injini, cha giaboksi na cha difu ya mbele. Kijana wa gereji akikosea kizibo, anamwaga oili ya giaboksi na kuongeza oili juu ya ile ya injini ambayo haikutoka. Mzazi anayefanya sevisi ya Subaru asimame pale aangalie kinachotoka kina rangi gani.

Mazungumzo ya nyumbani huwa yanafanana.

"Mama Junior, gari si linatembea? Ada kwanza."

"Ada kwanza, sawa. Likinizimikia pale Himo na watoto ndani, Baba Junior, hiyo ada utaitoa wapi?"

Wote wawili wana hoja. Filta ya nje si dawa ya gari linaloumwa, na anayeiuza kama dawa anadanganya. Gari linaloteleza likitoka la kwanza kwenda la pili, au linalogoma kurudi nyuma likiwa la moto, halitapona kwa kufungiwa kopo. Plati zilizoisha zimeisha. Kwa gari ambalo bado zima, lenye oili nyekundu na linalozunguka mjini tu, fedha hiyo ianze kwenye oili mpya. Lakini kwa gari la mtumba lisilo na historia, linalopanda mlima kila wiki, filta ni bima ya bei ndogo, na Mama Junior ana haki ya kuidai.

Kuna hali moja ambayo haina mjadala, nayo ni pale giaboksi inapobadilishwa. Iliyokufa imekufa ikitapika vyuma, na vyuma hivyo havikubaki ndani yake. Vilisafiri na oili mpaka kwenye rejeta vikakaa humo. Fundi anafunga giaboksi nyingine, anaunganisha mipira ile ile na rejeta ile ile, anawasha, na uchafu wa marehemu unaingia kwa mgeni siku hiyo hiyo. Baada ya miezi michache familia inaambiwa, "Hii nayo ilikuwa mbovu, si unajua vitu vya mtumba." Huenda haikuwa mbovu. Mrija wa kupozea ndani ya rejeta ulipaswa kuoshwa au rejeta kubadilishwa, na filta kufungwa kwenye njia ya kurudi. Anayelipa milioni kwa giaboksi asikubali kuondoka gereji bila kuulizia hilo.

Ufungaji wenyewe hauchukui muda mrefu kwa fundi anayejua, na sehemu ya hatari ni kutambua mpira upi unaenda na upi unarudi. Njia ya kawaida ni kuliwasha gari lililolala usiku kucha na kugusa mipira miwili iliyo chini ya rejeta: unaowahi kupata joto ndio unaotoka kwenye giaboksi, na ule mwingine ndio wa kurudi. Fundi makini huhakikisha kwa kuuchomoa mmoja na kuuelekeza kwenye chupa kwa sekunde chache. Filta inakaa kwenye wa kurudi, kwa sababu mbili. Oili pale imeshapoa, na chochote kinachobanduka ndani ya rejeta kinanaswa kabla hakijafika ndani. Mshale ulio kwenye kopo uelekee giaboksi. Ukigeuzwa, oili inapita kinyume na kazi yote ni bure.

Mpira uwe wa oili, unaohimili joto na presha. Mpira wa maji hulainika na kupasuka, na gari linaweza kumwaga oili yote barabarani kabla dereva hajagundua. Klipu ziwe za kukaza kwa skurubu, si waya. Kopo lifungwe mahali pasipogusa ekzosi wala feni, na lisiachwe likining'inia kwenye mpira, maana barabara za vijijini zitalitikisa mpaka litoke.

Swali la kuuliza dukani ni kama kopo lina njia ya dharura ndani yake, vali ndogo inayofunguka chujio likiziba. Asubuhi ya Julai kule juu Marangu au Kibosho oili huamka nzito na hupita kwa shida kwenye chujio laini. Bila vali hiyo, giaboksi inakosa oili ya kurudi wakati inapoihitaji. Filta ya petroli inayofanana kwa sura haina kitu hicho, na wapo wanaoifunga kwa sababu ni rahisi kupatikana. Isifungwe kabisa.

Baada ya kufunga, oili ipimwe upya na kuongezwa kidogo, kwa kuwa kopo nalo limemeza kiasi. Filta ya kwanza itolewe mapema, kwenye kilomita elfu chache, kwa sababu ndiyo inayokusanya uchafu wa miaka. Fundi aikate kwa msumeno mbele ya mwenye gari. Unga mweusi laini ni uzee wa kawaida. Vipande vinavyong'aa ni habari mbaya. Kopo lililokatwa humwambia fundi mengi, kama kile kikopo kidogo cha choo kinavyomwambia mtu wa maabara pale hospitali.

Oili ya kuongeza haichaguliwi kwa rangi. Kwenye stiki ya Toyota nyingi imeandikwa T-IV. Za baadaye hutumia WS, na nyingi kati ya hizo hazina stiki kabisa. Magari ya CVT, yale yasiyobadilisha gia bali yana mkanda wa chuma unaozunguka kwenye puli mbili, yana oili yake, kwa mfano NS-2 na NS-3 za Nissan. Oili ya kawaida ya oto ikimwagwa humo, mkanda unateleza na giaboksi inakufa. Baadhi ya Noah na Voxy ni CVT na baadhi si CVT, kwa hiyo jina la gari pekee halitoshi. Kwa CVT, filta ya nje isifungwe mpaka apatikane fundi anayeijua aina hiyo ya giaboksi kwa uhakika. Yapo pia magari yasiyo na mipira ya oili: kipozeo kimekaa juu ya giaboksi yenyewe na maji ya rejeta ndiyo yanayokifuata. Hapo hakuna pa kufunga kopo, na anayesema atatafuta namna aachwe.

Wenye magari ya zamani wana hofu nyingine, kwamba oili ya giaboksi ikibadilishwa gari linakufa. Hofu hiyo haikuzuka hewani. Giaboksi ambayo plati zake zimekwisha huwa inajikongoja na oili ile chafu, na inapofia mikononi mwa fundi, oili mpya ndiyo hulaumiwa. Njia ya upole ni kumwaga kwa kizibo cha sampo na kujaza kiasi kile kile kilichotoka. Kwa mkupuo mmoja hutoka theluthi hadi nusu tu, kwa sababu konveta inashikilia iliyobaki. Wiki chache baadaye linarudiwa, kisha tena. Hii pia inasaidia mfuko, maana hainunuliwi oili yote siku moja.

Mwendo nao una sehemu yake, na huo hauna gharama. Kupanda mlima mkali, lever ishushwe 2 au L, au kitufe cha O/D kizimwe, ili giaboksi isihangaike kupanda na kushuka gia. Kushuka, vilevile, injini isaidie breki. Kushuka Marangu ukiwa N ili kuokoa mafuta ni kuhatarisha watoto waliolala nyuma, kwani breki zikipata moto hakuna kingine kinacholizuia gari. Kwenye mteremko P peke yake haitoshi: handbreki kwanza, jiwe nyuma ya tairi kama mahali ni pakali.

Na gari la oto likizima njiani lisifungwe kamba na kuvutwa mpaka Moshi. Injini ikiwa imezimwa, pampu haizunguki, oili haipandi, na vyuma vinasagana vikavu kilomita zote hizo. Magurudumu yanayoendesha gari yanyanyuliwe juu, au gari zima lipakiwe. Giaboksi nyingi zilizokuwa na ugonjwa mdogo zimemaliziwa na jirani mwema mwenye kamba.

Linabaki suala la oili iliyotoka. Kule mlimani kazi hizi mara nyingi hufanyika nyumbani, chini ya migomba, na dumu la oili chafu huishia kumwagwa pembeni au kupakwa kwenye nguzo za banda dhidi ya mchwa. Mfongo unapita mita chache kutoka hapo, unanywesha migomba na kahawa ya nyumba zote za chini, na watoto huchezea maji yake. Oili chafu ni taka hatarishi. Fundi anayekuja nyumbani aje na ndoo yenye mfuniko, na akimaliza aondoke nayo.